Mti wa Mama uliostahimili theluji ya Ubelgiji

NILIPOWAONYESHA picha ile wafanyabiashara wa mawese pale sokoni Rumonge, hakuna aliyeniamini. Ilikuwa asubuhi, magari yanapakia madumu, na picha yenyewe ilikuwa imeingia kwenye simu yangu muda mfupi uliopita, imetumwa na binti wa jirani yangu wa zamani kule Ubelgiji. Ilionyesha uzio wa mbao, paa jeupe kwa theluji, na katikati ya bustani umesimama mti wa jamii ya michikichi, majani yake ya kijani yameelemewa na theluji lakini yamo hai.

"Mzee, hiyo imetengenezwa kwa kompyuta," alisema kijana mmoja anayevusha mawese kwenda Uvira. Mama mmoja muuza mise akadakia: "Mchikichi na barafu wapi na wapi? Hata kule Mugamba ambako hakuna theluji mchikichi haukubali, sembuse kwa Wazungu!"

Sikuwalaumu. Mimi niliyezaliwa katikati ya michikichi niliamini hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka 40, na imani hiyo ilinigharimu pesa na miti miwili. Lakini mti ule wa pichani niliupanda kwa mikono yangu mwaka 2009, na tangu hapo umelala nje kila usiku wa baridi. Kwa kuwa wengi wetu tuliorudi tuna watoto na ndugu waliobaki Ulaya na Marekani, na kwa kuwa kila siku mipakani wapo watu wanaovusha miche na mbegu, nimeona niieleze habari hii kwa kirefu.

Kutoka Rumonge hadi Liège

Nilizaliwa hapa Rumonge mwaka 1964. Baba alikuwa na shamba la michikichi, na sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuokota chikichi zilizodondoka. Mwaka 1972 tulivuka ziwa usiku kwa mtumbwi, Mama, mimi na dada zangu wawili. Baba hakuvuka. Nilikulia Kigoma, na Mama alitulea kwa kukamua mawese ya watu kwa kibarua.

Katika miaka ya 1990 nilifika Ubelgiji, nikapata kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate karibu na mji wa Liège. Huko ni bonde la mto Meuse, ambako zamani watu walichimba makaa ya mawe. Mwaka 2006 mimi na mke wangu tulinunua nyumba ndogo iliyowahi kuwa ya wachimba migodi. Nyuma yake kulikuwa na bustani nyembamba, hatua saba kwa upana. Mwaka uliofuata Mama akaja kuishi nasi.

Alikuwa amepita miaka 70. Kifaransa hakukijua, na majira ya baridi yalimfungia ndani. Asubuhi hadi jioni alikaa dirishani, amejitanda khanga juu ya sweta mbili, akitazama bustani iliyokuwa tupu. Siku moja nimerudi kutoka kazini akaniambia: "Mwanangu, nimetazama nje miezi mitatu sasa. Sijaona hata mti mmoja ninaoujua jina."

Maneno yale yaliniingia. Sikuwa na uwezo wa kumrudisha Rumonge, lakini nilijiambia kuwa mti mmoja hautanishinda.

Miti miwili iliyokufa

Majira ya joto ya mwaka 2008 nilikwenda katika duka moja kubwa la mimea. Nikakuta minazi midogo ndani ya vyungu, kila mmoja na nazi yake imejitokeza juu ya udongo. Nilifurahi kama mtoto. Nikanunua, nikauweka nje, Mama akaupapasa na kucheka. Ilipofika Oktoba majani yakaanza kuwa ya kahawia. Niliuingiza ndani lakini nilikuwa nimechelewa, na kabla ya Krismasi ulikuwa kuni. Mnazi ni mti wa mwambao wa joto. Ule uliouzwa dukani ulikuwa pambo la miezi michache, na muuzaji hakuniambia.

Huku mnazi ukididimia, nilikuwa nimekwisha kununua mti wa pili, safari hii mtende wa Visiwa vya Canary. Huo una shina nene na makuti marefu ya kupinda, na kwa mbali unafanana na mchikichi mchanga. Duka liliweka kibao kuwa unavumilia baridi. Ni kweli unavumilia, lakini ni baridi ya digrii tano au sita chini ya sifuri kwa usiku mmoja. Januari 2009 baridi kali ilishuka Ubelgiji, na kipimajoto changu kikasoma digrii 14 chini ya sifuri. Baada ya wiki mbili nilivuta kuti la katikati, likatoka lote mkononi, chini yake limeoza na kunuka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akasema: "Acha kuua miti kwa ajili yangu."

Somo la mchimba makaa

Jirani yetu wa kushoto alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya mgodini. Hakuwa Mbelgiji wa asili. Alikuja kutoka kaskazini mwa Italia akiwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa ule mkataba wa mwaka 1946 uliowapeleka Waitalia kwa maelfu kuchimba makaa ya Ubelgiji. Kwa hiyo alikuwa mgeni mwenzangu, isipokuwa yeye alinitangulia kwa miaka 40.

Aliniona nikiung'oa mtende uliooza, akaniita upande wake wa uzio. Nyuma ya banda lake ulikuwa umesimama mti mrefu kama dari, shina limevaa manyoya ya kahawia kama mtu aliyevaa koti, na kichwani majani ya duara yaliyochanika kama vidole. Nilikuwa nimeupita miaka miwili bila kuutazama. Theluji ilikuwa bado juu ya majani, na mti haukuwa na neno.

"Wewe unanunua mti kwa macho," aliniambia. "Uliza kwanza umezaliwa wapi."

Mti wake ulizaliwa China. Kwa kitaalamu unaitwa Trachycarpus fortunei. Kwao hukua milimani, ambako theluji si kitu cha ajabu, na tangu zamani Wachina na Wajapani wametumia manyoya ya shina lake kutengeneza kamba, mifagio na hata makoti ya mvua. Mbegu zake zilifika Ulaya mwaka 1830, zikiletwa kutoka Japani na daktari Mjerumani, Philipp Franz von Siebold. Mwaka 1849 Mskoti Robert Fortune alipeleka miche Uingereza kutoka kisiwa cha Zhoushan, na mwaka 1851 mmojawapo ulipandwa katika bustani ya Malkia Victoria kwenye kisiwa cha Wight. Jina la fortunei linatokana na huyo Fortune. Kwa maneno mengine, mti huu umekuwa Ulaya kabla ya babu zetu kumwona Mzungu wa kwanza katika Ziwa Tanganyika.

Kwa nini baridi huua

Jambo ambalo sikulijua, ingawa nimekulia chini ya michikichi, ni kwamba mti wa jamii hii una moyo mmoja tu. Mwembe ukikatwa huchipua ubavuni. Mchikichi, mnazi na mtende hukua kutoka sehemu moja tu iliyojificha katikati ya makuti. Sehemu hiyo ikifa, shina zima limekwisha. Ndiyo maana mgema hodari hujua wapi pa kugusa na wapi pa kuacha.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye bustani ya baridi ni moja: je, moyo wa mti huu unaweza kukaa salama usiku wa baridi kuliko yote ya mwaka? Majani yakiungua si hoja, yataota mengine. Moyo ukiganda, hakuna dawa.

Mzee yule alinifundisha pia kuwa baridi haiui peke yake, bali hushirikiana na maji. Mvua huingia katikati ya makuti, inaganda usiku, mchana inayeyuka, na moyo unaanza kuoza. Chini nako, udongo mzito wa mfinyanzi ukijaa maji miezi mitano, mizizi hukosa hewa. Mti unaostahimili digrii 12 chini ya sifuri katika udongo mkavu unaweza kufa kwa digrii 7 ukiwa umesimama kwenye tope. Na mti ulio ndani ya chungu una hatari zaidi kuliko ulio ardhini, maana baridi huizunguka mizizi pande zote.

Ndugu wanne wafupi

Mti wa jirani ulikuwa mkubwa mno kwa bustani yangu ya hatua saba. Majani yake mapana pia yalikuwa yamechanwachanwa na upepo. Ndipo akanitajia ndugu zake wafupi, ambao nawataja hapa ili mwenye ndugu ughaibuni ampelekee habari.

Wa kwanza ni Trachycarpus wagnerianus. Ni wa ukoo uleule wa China na Japani, ila haujulikani popote kuwa unaota porini, bali umetoka katika bustani za Wajapani. Uliitwa hivyo kwa jina la Albert Wagner, mkulima wa bustani wa Leipzig, Ujerumani, aliyeuleta Ulaya katika karne ya 19. Majani yake ni madogo, magumu kama ngozi, na upepo hauyachani. Hata ukirefuka, kichwa chake hubaki kidogo. Baridi unaistahimili sawa na ndugu yake mkubwa, yaani digrii 12 hadi 15 chini ya sifuri ukishakomaa.

Wa pili ni Chamaerops humilis, ambao ni wa pwani za Bahari ya Kati, kuanzia Moroko na Aljeria hadi Hispania na Italia. Huu hutoa mashina mengi kama mgomba, na mara nyingi haupiti mita mbili au tatu. Faida yake ni kwamba shina moja likifa, mengine yanaweza kuendelea. Digrii 10 chini ya sifuri unaziweza kama udongo ni mkavu. Mzee alizaliwa karibu na mji wa Padova, na aliniambia kwa majivuno kuwa katika bustani ya mimea ya huko upo mmoja uliopandwa mwaka 1585. Mshairi Mjerumani Goethe aliutembelea mwaka 1786. Hadi leo bado upo, umejengewa nyumba ya kioo.

Wa tatu na wa nne ni Wamarekani wa kusini mashariki. Rhapidophyllum hystrix una miiba mirefu kama sindano kwenye kitako, na unahesabiwa kuwa mgumu kuliko yote kwa baridi, kwani umewahi kupona katika digrii 20 chini ya sifuri. Sabal minor nao huficha shina lake ndani ya udongo, juu yakabaki majani tu. Lakini yote miwili inapenda kiangazi chenye joto kali. Katika majira ya joto ya Ubelgiji yasiyo na joto, hukua kwa unyonge sana, kuti moja au mawili kwa mwaka.

Tulichagua wagnerianus. Niliupata kwa mkulima mdogo wa miche, kimo chake hakipiti goti langu. Mke wangu aliuliza kwa nini nisinunue mkubwa. Mzee akajibu kuwa mdogo huzoea mahali haraka, na ukifa hasara yake ni ndogo.

Tulivyoupanda

Tulingoja hadi katikati ya Mei. Kule kuna imani ya wakulima kuwa usipande kitu kinachoogopa baridi kabla ya siku za watakatifu wa barafu, kuanzia tarehe 11 Mei, kwa sababu jalidi la mwisho laweza kushuka siku hizo. Imani ni ya kale lakini ina maana, kwani mti uliopandwa Mei una miezi mitano ya kushika ardhi kabla ya baridi. Ukipanda Oktoba, unaukabidhi kwa adui ukiwa bado mgeni.

Tuliuweka karibu na ukuta wa matofali unaotazama kusini, ambao hupokea jua mchana na kuurudisha joto usiku. Shimo tulilichimba upana mara tatu ya mizizi, tukachanganya mfinyanzi na changarawe, na mti tukaupandisha juu ya kilima kidogo ili maji yateremke. Hatukuufukia zaidi ya ulivyokuwa ndani ya kopo. Kiangazi tuliunywesha vizuri, lakini kuanzia Septemba tukaacha mbolea, ili usitoe majani laini yatakayoungua.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti akitazama. Alipoona lile jani la duara akasema: "Huu si mchikichi. Huu ni mkoche, kama ile ya Rusizi." Nikacheka, lakini hakukosea sana, maana mikoche ya bonde la Rusizi nayo ina majani ya kipepeo. Kuanzia siku hiyo nyumbani kwetu mti uliitwa mkoche wa baridi. Sasa alikuwa na mti anaoujua jina.

Usiku wa Februari 2012

Mtihani ulikuja Februari 2012, wakati baridi kali ilipoikumba karibu Ulaya yote kwa takriban wiki mbili. Jioni ya kwanza kipimajoto kilisoma digrii 9 chini ya sifuri na bado saa tatu usiku haijafika. Mimi nilitakiwa kazini. Nilitaka kuufunika mti kwa turubai la plastiki nililotumia kufunika baiskeli, lakini mzee akapiga kelele kutoka ng'ambo ya uzio. Alisema plastiki hufungia unyevu ndani, na huo unyevu ndio utakaoganda juu ya moyo wa mti.

Tukafanya hivi. Tulikusanya majani juu tukayafunga kwa kamba kama mtu anavyofunga mzigo wa kuni, bila kukaza. Katikati tukajaza majani makavu ya ngano. Nje tukauzungushia kitambaa chepesi cheupe kinachopitisha hewa, mara tatu. Kwenye mizizi tukamwaga majani makavu ya miti kimo cha kiganja. Juu kabisa tukaweka kigae kidogo cha kukinga mvua. Mama, ambaye sikutaka atoke nje, alikuwa ametoka na tochi, anatumulika.

Usiku uliofuata ikafika digrii 13 chini ya sifuri. Kwa wiki mbili Mama aliniuliza kila asubuhi: "Umepona?" Nikamjibu sijui, maana kweli huwezi kujua. Kufungua mapema ni kosa, na kuchelewa kufungua nalo ni kosa, kwa sababu jua likitoka kitambaa huleta joto na uvundo. Tulifungua mwishoni mwa Februari. Majani manne ya nje yalikuwa yameungua. Nikashika jani la katikati, lile la mkuki ambalo halijafunguka, nikalivuta taratibu kama nilivyolivuta lile la mtende. Halikutoka. Mama akashika na yeye, akavuta, halikutoka. Hakusema neno, akarudi ndani kuchemsha chai.

Ufagio wa Mama

Miaka iliyofuata mti haukuhitaji tena kufungwa. Ulishapata mizizi. Kila mwaka Mama alikata majani yaliyozeeka, akayachana na kutengeneza mifagio midogo na vipepeo vya jiko, akagawa kwa wake za majirani ambao hawakuwa na jiko la mkaa. Waliitundika ukutani. Hivyo ndivyo alivyojifunza Kifaransa chake kidogo, kwa kugawa vipepeo.

Alifariki mwaka 2017, tukamzika kule kule. Mzee wa mgodini alimfuata mwaka mmoja baadaye, na nyumba yake akabaki nayo binti yake.

Kwa nini niliuacha

Mwaka 2021 nilirudi Rumonge. Shamba la Baba nililikuta na watu wengine walioishi humo tangu utoto wao. Baada ya vikao vingi tuligawana, wao nusu na mimi nusu, na katika nusu yangu imebaki michikichi mikongwe aliyoipanda Baba mwenyewe.

Kabla ya kuondoka Ubelgiji nilitamani sana kuuchimba mti wa Mama nije nao. Sikufanya hivyo, na sababu zangu ni tatu.

Kwanza, mti ule hauna sababu ya kuishi Rumonge. Moyo wake umeumbwa kwa baridi, na joto la mwambao wa ziwa lingeudhoofisha. Kama una pa kukaa nchini kwetu, pengine ni Mugamba.

Pili, mti husafiri na wageni wake. Yupo mdudu mwekundu wa jamii ya fukusi, asili yake Asia, aliyefika Misri na kisha Hispania katika miaka ya 1990 ndani ya mitende iliyosafirishwa kwa biashara. Tangu hapo ameangamiza mitende isiyohesabika katika nchi za Bahari ya Kati. Yeye hutaga ndani, funza wanakula moyo, na mwenye mti hugundua wakati umekwisha. Ni binamu wa yule mdudu wetu ambaye funza wake huliwa Congo. Mtu anayevusha mche bila kukaguliwa, uwe wa mchikichi, mgomba au muhogo, hajui amebeba nini, na hasara itakuwa ya jirani yake.

Tatu ni sheria. Mimea huvuka mipaka kwa cheti cha afya ya mimea kinachotolewa na wakaguzi wa serikali. Kwa upande wa Ulaya, tangu tarehe 14 Desemba 2019 msafiri anayeingia nchi za Umoja wa Ulaya haruhusiwi kubeba miche, mbegu za kupanda, mboga wala matunda mabichi bila cheti hicho. Matunda matano tu ndiyo yameachwa huru: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Kwa hiyo anayemwekea shangazi yake chikichi za kupanda ndani ya soksi ajue kuwa zinaweza kuishia kwenye pipa la uwanja wa ndege, na baada ya yote hayo hazitaishi nje hata Desemba moja.

Niongeze na hili. Ule mti mkubwa wa China umestarehe mno kusini mwa Uswisi, katika jimbo la Ticino. Ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu, na misitu ya huko imejaa miche inayozuia miti ya asili kuota. Ndiyo sababu tangu tarehe 1 Septemba 2024 ni marufuku kuuuza nchini Uswisi. Mwenye ndugu huko asimshauri aununue. Na popote ulipo, kata vichala vya maua kabla havijazaa. Nasi kule Liège tulikuwa tukivikata.

Swali la kijana wa Uvira

Nilipomaliza kueleza, yule kijana wa madumu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini. Dada yake yuko Kanada, mjini Montréal. Ana watoto wawili ambao hawajawahi kuona mchikichi, na kila akipiga simu analalamika kuwa kwa miezi mitano dirishani haoni kitu. Je, autafute huo mkoche wa baridi?

Ningeweza kumfurahisha, lakini nilimwambia ukweli. Montréal si Liège. Huko hufika digrii 25 chini ya sifuri, na hata ule wa sindano wa Marekani hautavuka nje bila kujengewa kibanda. Dada yake anunue Chamaerops mdogo, auweke ndani ya chungu chenye matundu. Kuanzia mwisho wa Mei hadi Septemba uwe nje juani. Baridi ikianza auingize kwenye chumba chenye mwanga kisicho na joto jingi, ampe maji kidogo sana. Hautakuwa mkubwa, lakini watoto watauona ukitoa jani jipya, na wataujua jina.

Kijana alitoa risiti ya mawese mfukoni, akageuza upande mtupu, akaniomba nimtajie jina herufi kwa herufi. Chini ya jina akaandika: "Chungu chenye matundu. Mei nje. Maji kidogo." Kisha akaikunja, akaiweka pamoja na pesa, akaenda kusimamia madumu yake yasipakiwe pungufu.